Tume ya Sahani Tupu

Nianze kwa kuweka jambo moja wazi, maana watu wa nje hupenda kutupotosha. Chama cha Mwavuli hakikushindwa uchaguzi. Kilipata kura laki tatu, na wenzetu wa Kigoda wakapata milioni moja na laki moja. Hayo ni mambo ya hesabu tu, na Chama chetu hakijawahi kuyumbishwa na hesabu. Ninayesema haya ni mwandishi wa kumbukumbu za vikao, mwaka wa kumi na tisa sasa, na yote nitakayoeleza yamo kwenye majalada yangu, isipokuwa karatasi moja ambayo kwa muda fulani ilikaa ndani ya soksi.

Kwa asiyeijua Jamhuri ya Tambarare, nimpe picha kidogo. Nchi yetu ina milima saba. Lakini Mwasisi alipoapa kwamba hapa kwetu hakuna atakayekuwa juu ya mwenzake, Bunge lilipitisha kwa kauli moja kwamba nchi nzima ni tambarare, na tangu siku hiyo milima ikaandikwa kwenye ramani kama mabonde yaliyoinuliwa kwa muda. Wanaoishi huko hupanda kwenda nyumbani wakihema, jambo ambalo Wizara ya Afya imeshalikanusha mara mbili.

Miaka arobaini na mmoja tuliyotawala, tulikuwa na namna yetu ya kujua kama wananchi wanatupenda, nayo ni ya kisayansi kabisa. Inaitwa Kanuni ya Sahani. Kila mkutano wa hadhara tulipika pilau. Sahani iliyotoka imejaa ikarudi tupu ilihesabiwa kuwa kura moja. Iliyorudi na masalio ilihesabiwa nusu, na mlaji wake akaandikwa kuwa mwanachama anayeyumba. Jumla ya kila mwaka iliingizwa kwenye Fomu S kwa kalamu nyekundu, Mpishi Mkuu akatia saini, na mwaka wa uchaguzi ikapelekwa Tume ya Uchaguzi siku tatu kabla ya watu kupiga kura ili wasije wakahangaika. Tume ilinakili namba yetu na kuitangaza. Masanduku ya kura yenyewe yalihifadhiwa ghalani, yakiwa yamefungwa kufuli, kwa heshima.

Mwaka huu Mwenyekiti wetu, Ndugu Daktari Balthazar Ngomeni, aliisoma Fomu S akatokwa na machozi. (Udaktari wake alitunukiwa na chuo kikuu alichokijengea geti.) Sahani zilikuwa milioni moja na laki mbili, zote tupu, hata punje ya wali hakuna.

"Dunia lazima iuone upendo huu," alisema. "Fungueni masanduku. Mbele ya kamera."

Hakuna aliyempinga, na kwa kweli hakukuwa na sababu ya kumpinga. Masanduku yakafunguliwa, na kufikia saa tisa alasiri watangazaji walikuwa wanaomba maji ya kunywa.

*

Halmashauri Kuu ilikutana siku ya nne kwenye ukumbi wa makao makuu. Paa la ukumbi huo lina umbo la mwavuli uliofunguliwa, limejengwa kwa zege, na linavuja mahali kumi na nne. Chini zimepangwa ndoo kumi na nne zenye rangi za Chama.

Ajenda ilikuwa moja: Hali ya Ushindi. Nilikuwa nimeleta Fomu ya Matokeo kama katiba inavyotaka, nayo ina visanduku vitatu vya kuwekwa alama ya vema. Cha kwanza ni Ushindi. Cha pili ni Ushindi Mkubwa. Cha tatu ni Ushindi wa Kishindo. Niligeuza fomu upande wa pili nikidhani labda kuna cha nne, nikakuta nembo ya mwavuli.

Wajumbe walijadiliana saa mbili na nusu. Katibu Mkuu, Kanali mstaafu Erasto Lungwana, mtu mwenye masharubu yanayofika mahali kabla yake, alitaka tuweke cha tatu ili tusiwape wenzetu kichwa. Mwenyekiti akamtuliza kwa mkono.

"Ndugu zangu, tuwe wanyenyekevu," alisema. "Wananchi wametutumia ujumbe, na ujumbe ni kwamba tusijikweze. Mwandishi, weka Ushindi. Usiweke Mkubwa."

Mama Eufrasia akapiga makofi. Huyu ni mke wa Mwenyekiti na kiongozi wa Umoja wa Wanawake, na kwa desturi yetu hakuna anayepiga makofi kabla yake wala anayeacha kabla yake. Siku hiyo alipiga kwa dakika sita huku akitazama dirishani.

Ilibaki kuwatafuta walaji. Watu laki tisa walikuwa wamekula, wakamaliza, kisha wakaingia chumba cha kura na kufanya kitu kingine. Ikaundwa Tume ya Kuwatafuta Walaji Waliopotea, ambayo watu wameizoea kama Tume ya Sahani. Mwenyekiti wake alikuwa Kanali, mwandishi mimi, na kielelezo kilikuwa sahani moja ya plastiki iliyofungwa kwenye mfuko wenye lakiri.

Tulisafiri kwa gari binafsi la Mwenyekiti wa Chama, kwa kuwa yale ya serikali yalikuwa yamechukuliwa Jumatatu. Gari lile halikuwa na king'ora. Dereva wa Mwenyekiti, Kombo, alikuwa akikipiga kwa mdomo, kichwa nje ya dirisha, na watu walitupisha, wengine kwa mazoea na wengine kwa kucheka.

*

Shahidi wa kwanza tulimkuta Ndulumo, kijiji kilicho katikati ya bonde lililoinuliwa la kwanza. Gari lilishindwa kupanda, tukalisukuma. Anaitwa Chubwa Hemedi, fundi baiskeli, mtu wa makamo, na alikuwa ameinamia gurudumu tulipofika.

"Tarehe kumi na mbili ulikula pilau ya Chama?" Kanali aliuliza.

"Nilikula. Sahani mbili. Ya pili nilimchukulia shemeji yangu."

"Yuko wapi huyo shemeji?"

"Marehemu. Lakini kwenye daftari lenu yuko hai, nikaona isiwe taabu."

Kanali akaendelea. "Ulikipigia Chama kura?"

"Sikukipigia."

Kanali akainua mfuko wenye lakiri. "Unakitambua hiki?"

"Sahani."

"Ilirudi ikiwaje?"

"Tupu. Pilau ile haikuwa ya kuacha, mkuu. Mpishi wenu kazi anaijua."

"Sasa kama ulikula mpaka ukamaliza, moyo wako ulikuwa wapi?"

Chubwa akaweka pampu chini na kujifuta mikono kwenye suruali. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyengoja swali lingine kwa muda mrefu.

"Hebu na mimi nikuulize, mkuu. Daraja letu lilikwenda na maji, mwaka wa saba huu. Watoto wanavuka kwa kamba kwenda shule. Mmekuja hapa mara tatu, kila mara na masufuria. Kuna siku hata moja mliniuliza, Chubwa, unataka nini?"

"Tulikuwa tunakuuliza kwa vitendo."

"Swali pekee nililowahi kuulizwa na Chama chenu ni kama niongezewe kachumbari."

Kanali akanigeukia. "Andika: shahidi anasumbuliwa na usahaulifu."

Nikaandika. Tulizunguka vijiji thelathini na kimoja, na usahaulifu ulikuwa umeenea kote. Mahali pengine walisahau kwa sababu ya zahanati isiyo na mlango, kwingine kwa sababu ya mwalimu mmoja kwa madarasa matano. Nilijaza madaftari manne. Kanali alinielekeza nisiyasome, niyahesabu tu.

*

Tuliporudi nilipewa kazi ya kupanga karatasi za matokeo ya vituo vyote, kuanzia namba moja. Kituo namba moja ni cha makao makuu yetu. Kiliwekwa ndani ya ua miaka mingi iliyopita ili viongozi wapige kura bila kupanga foleni na wananchi, na kwa sababu mwanga wa pale unawafaa wapiga picha. Waliojiandikisha hapo ni wafanyakazi wa makao makuu na wajumbe tisa wa Halmashauri Kuu, basi. Mgeni hawezi hata kuingia.

Karatasi ilisema: waliojiandikisha mia mbili na kumi na wawili; waliopiga mia mbili na kumi na wawili; Kigoda kura mia mbili na sita; Mwavuli kura sita.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaikunja, nikavua kiatu. Sikuificha. Niliihifadhi.

Kanali hakuniuliza kuhusu kituo namba moja, maana yeye alikuwa ameshampata mkosaji. Asubuhi iliyofuata alinichukua mpaka jikoni, nyuma ya makao makuu, anakofanya kazi Mpishi Mkuu, Bi. Sikudhani Makungu. Hapa lazima nimweleze huyu mama vizuri. Chama chetu kilianzishwa na watu kumi na saba jikoni kwa mama yake, miaka arobaini na tano iliyopita, yeye akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Waasisi walikuwa kumi na sita, wakamwomba chai. Alikataa kuileta mpaka na yeye aandikwe. Kadi yake ni namba kumi na saba, na wenzake wote wa namba za mbele ni marehemu.

"Utasaini hapa," Kanali alimwambia, "kwamba uliongeza sahani kwenye Fomu S kwa nia ya kukihujumu Chama. Kisha utarudisha kadi."

Bi. Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kwanza hujaniamkia."

Masharubu ya Kanali yakatikisika. "Shikamoo."

"Marahaba. Sahani nilizihesabu kwa mkono huu. Ni milioni moja na laki mbili, na zote zilikuwa tupu. Siwezi kusaini uongo kwa umri huu."

"Basi kura zilikwenda wapi?"

"Hazikuwahi kuwamo." Akaweka ungo chini. "Sahani tupu inasema mtu alikuwa na njaa, Kanali. Haisemi kingine. Nilikuwa nawaletea fomu kila mwaka, namba inapanda, nami nasema moyoni safari hii watauliza mbona nchi nzima ina njaa namna hii. Nyinyi mkawa mnapiga makofi."

Nikiri kwamba hapo kalamu yangu ilisimama. Nilikuwa nimenakili Fomu S kumi na tisa kwa mkono wangu, na sikuwahi kuwaza jambo hilo. Niliona aibu, na aibu haina mahali pa kuandikwa kwenye kumbukumbu za vikao.

"Kufikia kesho hutakuwa mwanachama tena," Kanali alisema.

"Soma ibara ya nne."

Kanali hutembea na katiba kwenye mfuko wa shati. Akaifungua. Ibara ya nne ina doa la chai, lakini inasomeka: mwanachama mwenye kadi ya kuanzia namba moja hadi kumi na saba hafukuzwi ila na Mkutano Mkuu, tena baada ya kusikilizwa na kuita shahidi. Kanali akaifunga, akaondoka bila kuaga.

Bi. Sikudhani akanitazama. "Mwanangu, una nini mguuni? Unachechemea tangu jana."

Nikamwonyesha. Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa kamba, akasoma polepole, akacheka mpaka akakaa.

"Sita. Nilidhani mngekuwa wachache zaidi."

"Bi. Sikudhani, mimi sijasema nilipigia upande gani."

"Na mimi sijakuuliza." Akanirudishia karatasi. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Wananiambia nihamie Kigoda, kule wananitaka. Sihami. Hiki chama nimekianza nikiwa binti, na wakinitoa humu nitakuwa mzee asiye na kwao. Nakitaka hikihiki, ila kikiwa na akili zake. Siku ya mkutano usivae soksi nyingine."

*

Mkutano Mkuu uliitwa ndani ya wiki mbili. Kutoka mikoani hakuja mjumbe hata mmoja. Wengine walituma salamu, wengine walituma kadi zao kwenye bahasha. Kanali hakubabaika. Aliamuru wafanyakazi wote wa makao makuu waketi kwenye viti vya wajumbe, kila mmoja akavishwa kitambulisho cha wilaya. Fundi bomba wetu akawa Mjumbe wa Nyanda za Kaskazini. Kombo dereva akawa Mjumbe wa Visiwa, ingawa nchi yetu haina visiwa. Wafanyakazi mia mbili na watatu, mimi na Bi. Sikudhani tukiwemo. Jukwaani wakaketi wale tisa wa Halmashauri Kuu. Televisheni ilionyesha ukumbi umejaa pomoni.

Mwenyekiti alihutubia kwanza.

"Ndugu wajumbe kutoka pembe zote za Tambarare! Mwavuli haukunjwi na manyunyu. Mwavuli ukionekana umekunjwa, ujue unakusanya nguvu za kufunguka. Tumevuka mengi. Tutavuka na ushindi huu."

Tone la maji likadondoka kutoka darini, likaangukia hotuba yake. Akageuza ukurasa. Mama Eufrasia akapiga makofi, nasi tukapiga, dakika nne.

Kanali akasoma mashtaka: hujuma, uchochezi, na kuipotosha nchi kwa takwimu za vyombo. Akataka wanaoafiki mtuhumiwa afukuzwe waseme ndiyo. Bi. Sikudhani alikuwa ameshasimama, aproni kiunoni, anaelekea mbele.

"Ibara ya nne," alisema, na Kanali ikabidi asogee.

"Mimi si mtu wa hotuba. Nina shahidi mmoja, nayo ni karatasi. Mwandishi, isome."

Watu mia mbili na kumi na mmoja wakanitazama. Nina mke na watoto watatu, na nyumba ninayokaa ni ya Chama. Nilitamani ndoo mojawapo inimeze. Halafu nikamkumbuka Chubwa na pampu yake, nikakumbuka nilichoandika juu yake, usahaulifu, kwa hati nzuri kabisa. Nikapiga moyo konde. Niliinama mbele ya Mkutano Mkuu, nikavua kiatu, nikavua soksi, nikaikunjua karatasi. Ilikuwa na joto.

"Kituo namba moja," nilisoma. "Makao Makuu ya Chama cha Mwavuli. Waliopiga kura, mia mbili na kumi na wawili. Kigoda, mia mbili na sita. Mwavuli, sita."

Kwa muda zilisikika ndoo tu. Kisha nikaona vichwa ukumbini vikigeuka, na vidole vikihesabu kwa siri, vyote vikielekea jukwaani. Jukwaani walikuwa tisa. Wale tisa nao wakaanza kutazamana, kila mmoja akijaribu kujua ni akina nani kati yao wale watatu walioipigia Kigoda.

"Mimi ni mmoja wa hao mia mbili na sita," alisema Bi. Sikudhani. "Kadi namba kumi na saba. Nimeona aibu, nimelia, nimekinyima kura chama changu kwa sababu nilitaka kiamke. Kama huo ni usaliti, nifukuzeni. Lakini neno lenyewe mlisikie kutoka kwangu, maana hakuna mwingine hapa atakayelisema. Tumeshindwa. Tumeshindwa, na tulistahili. Sasa mtu anaweza kuanza kazi."

Mwenyekiti akagonga meza. Shingo yake ilikuwa imevimba. "Waliokinyima Chama kura wasimame! Wasimame watoke nje, tubaki wenye Chama!"

Kombo dereva ndiye aliyesimama wa kwanza. Kisha fundi bomba. Kisha wapiga chapa, wahasibu, walinzi wa geti, mtunza bustani, mstari kwa mstari, na viti vya chuma vikapiga kelele mpaka ukumbi wote ukawa wima. Mimi nilikuwa tayari nimesimama, mguu mmoja peku. Hakuna aliyetoka.

"Nimesema tokeni!"

"Hatutoki," alisema Kombo, kwa upole, kama anayetoa taarifa ya barabara. "Wewe umesema wabaki wenye Chama."

Mwenyekiti akageukia jukwaani kutafuta msaada, akamkuta mkewe naye anainuka.

"Eufrasia?"

"Mikono inaniuma, Baba Deo," Mama Eufrasia alisema. "Miaka arobaini na mmoja napiga makofi, na hujawahi kuniuliza kama hotuba ilikuwa nzuri."

Nyuma yake wakasimama Mkuu wa Idara ya Itikadi na Mkuu wa Idara ya Hamasa, wakitazama viatu vyao. Kanali aliinuka nusu, akawaza, akakaa.

Sita waliobaki waliondoka kwa maandamano, wakiwa na bendera, rungu la Mwenyekiti na kipaza sauti, ambacho tulikihitaji. Kombo akamkabidhi Kanali ufunguo wa gari, kwa heshima zote. Tukasikia injini ikiwaka, kisha kimya kidogo, kisha king'ora. Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti mwenyewe. Hakuwa na mazoezi.

Mimi nikachukua Fomu ya Matokeo. Chini ya visanduku vitatu nilichora cha nne kwa rula, nikaandika mbele yake Tumeshindwa, nikaweka alama ya vema. Sioni haya kusema kwamba nilisikia raha.

*

Bi. Sikudhani alichaguliwa kuongoza kwa kunyoosha mikono, na mikono ikahesabiwa, jambo lililochukua muda kwa sababu hakuna aliyekuwa na uzoefu. Safari yake ya kwanza ilikuwa Ndulumo. Tulikwenda bila sufuria hata moja. Alimkuta Chubwa kwenye karakana yake, akakaa juu ya ndoo, akamuuliza:

"Chubwa, unataka nini?"

Chubwa alitazama nyuma yetu kama kuna gari la polisi. Alipohakikisha halipo, alizungumza saa tatu. Daftari liliisha, nikaendelea kuandika kwenye jalada.

Hatuna serikali, kwa hiyo hatuwezi kujenga daraja. Lakini tulikuwa na majukwaa kumi na mawili ya mikutano ya hadhara, mbao za mninga, imara kweli, maana viongozi wetu walikuwa wazito. Tukayavunja. Fundi bomba aliongoza kazi, Mama Eufrasia alishika msumeno, na akasema mikono inauma zaidi lakini ni maumivu mengine. Watoto wa Ndulumo sasa wanakwenda shule wakikanyaga maandishi ya Mwavuli Daima, na yameanza kufutika.

Mwezi wa nane baada ya uchaguzi alikuja mjumbe wa serikali mpya, Mkurugenzi wa Itifaki wa Kigoda, suti ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Kigoda wanajiamini siku hizi. Siku ya kwanza tu Bungeni walipitisha sheria kwamba masanduku ya kura yafunguliwe daima, kwa kuwa wao ndio wapendwa. Sasa walikuwa wanaandaa mkutano mkubwa wa kuwashukuru wananchi.

"Tumekuja na ombi rasmi," alisema. "Tunaomba kuazima sahani zenu, zote milioni moja na laki mbili, pamoja na utaalamu wa kuzihesabu. Mkuu wa Nchi angependa kujua wananchi wanampenda kiasi gani."

Chumbani tulikuwa kama kumi. Kombo alisimama kabisa kumwonyesha mlango. Bi. Sikudhani akamwashiria akae, akavaa miwani.

"Mpeni sahani zote," alisema. "Wala si kuazima, wachukue kabisa. Mpeni na Fomu S, makasha yote yaliyobaki. Mwandishi, mwandikie na maelezo, yaeleweke vizuri. Na msisitize kalamu iwe nyekundu."

Mkurugenzi alitushukuru sana. Alisema hajapata kuona upinzani uliokomaa namna hii, na kwamba wengine wangekuwa wamekasirika. Nilisaidia kupakia. Lori lilikwenda safari tisa, na katika safari ya mwisho Mkurugenzi alikuwa amekaa mbele na Fomu S magotini, tayari anaijaribu kalamu.

Nilirudi ndani nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ghala lilikuwa jeupe. Ilibaki sahani moja tu, ile ya kielelezo; Bi. Sikudhani alikuwa ameibandua lakiri na alikuwa anakula kande yake humo.

"Bi. Sikudhani," nilisema, "wamechukua kila kitu. Sisi tumebaki na nini?"

"Tumebaki na miaka minne na miezi minne kabla ya uchaguzi." Akamaliza kande, akaitazama sahani tupu, akaiosha, akaianika. "Chukua daftari. Vaa viatu vya kupandia. Leo tunakwenda kwenye ule mlima wa pili."

Alisema mlima, na mimi nikaandika mlima.